Pawatila Imelala, Mashine ya Kusaga Inanguruma

Nenda kijiji chochote cha wakulima Tanzania Bara, kuna uwezekano mkubwa ukakuta mambo mawili kwa pamoja. Karibu na gulio kuna mashine ya kusaga inayonguruma tangu asubuhi, foleni ya madebe ya mahindi imefika nje. Nyuma ya ofisi ya kata kuna pawatila, trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono, iliyoletwa kwa ngoma na hotuba, imeota majani, tairi moja limeshapata mwenyewe. Zote mbili zina injini ya dizeli, zote zinakunywa oili, zote zinaharibika. Ya kwanza ikikwama saa nne asubuhi, jioni inasaga. Ya pili ilikwama, na hadi leo barua yake inatembea kati ya mtendaji na halmashauri.

Ripoti nyingi za miradi zina maelezo yaleyale kuhusu hili: wakulima hawana elimu ya kutunza vifaa, hawana moyo wa umiliki, wapewe mafunzo. Sikubaliani nazo. Anayeendesha mashine ya kusaga mara nyingi ni mtoto wa kijiji hichohicho, aliishia darasa la saba, hajawahi kukaa kwenye semina. Kama tatizo lingekuwa elimu, tungekuwa tunatwanga kwenye kinu hadi leo.

Tazama mashine hiyo kwa karibu. Ndani yake kuna vinyundo vya chuma vinavyozunguka kwa kasi kwenye shafti, na chini yake kuna chekeche ambamo unga unapita. Kila kinyundo kina tundu kila mwisho. Kona moja ikilika, fundi anakigeuza. Ya pili ikilika anakigeuza tena. Kona zote nne zikiisha anakipeleka kwa mchomeleaji, ama kinajaziwa chuma, ama vinakatwa vipya kutoka kwenye springi chakavu ya lori. Bearing na mkanda vinapatikana duka la spea la mji wa wilaya, vinasafiri na basi la jioni kwa kumtuma kondakta. Chekeche likitoboka, unga unatoka na chenga, na akina mama hawasubiri kikao cha kijiji kulalamika: wanasema palepale, na kesho wanahamia kwa jirani. Mwenye mashine anaijua hasara yake kabla jua halijazama. Na hela ya kumlipa fundi anayo mfukoni, kwa sababu kila debe lililosagwa limelipiwa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mashine ya kusaga inaishi kwa sababu anayeumia ikizima ndiye anayeshika hela ya matengenezo, na ndiye mwenye mamlaka ya kumpigia fundi bila kuomba kibali. Vitu hivyo vitatu vikiwa mikononi mwa mtu mmoja, mashine itadumu hata kwenye barabara isiyopitika masika. Vikigawanywa kwa watu watatu, hata ukileta mashine nzuri kuliko zote duniani, hesabu misimu miwili.

Tuichukue pawatila. Agosti 2009 Rais Jakaya Kikwete alizindua Kilimo Kwanza, mpango wa taifa wa kuinua kilimo, na katika miaka ile halmashauri nyingi zikaagiza pawatila, zikagawiwa kwa vikundi vya wakulima vilivyochangia sehemu ndogo ya bei. Ni mashine nzuri ikiwa mahali pake. Ina injini ya silinda moja, nguvu ya farasi kama 12 hadi 16, na ilikulia kwenye majaruba ya mpunga ya Asia, ambako udongo umelowa na meno yake yanakoroga tope. Peleka Mbarali, Mbeya, kwenye mabonde ya Usangu, inafanya hivyohivyo. Msimu wa kulima inavuruga majaruba, msimu wa kuvuna inafungwa tela inabeba viroba, na katikati ya hapo inabeba matofali. Vijana wengi huko wamenunua za kwao na wanalima kwa kulipwa kwa ekari. Zilipozidi kuwa nyingi, mafundi wakajitokeza wenyewe, na wenye maduka wakaanza kuweka mikanda na meno kwa sababu vinauzika.

Mashine hiyohiyo ikapelekwa pia kwenye mikoa ya kati, kwenye udongo mkavu uliogandamana, ambako pawatila inadunda juu ya ardhi huku mwenye kuishika mikono ikimfa ganzi. Meno yanavunjika. Wilaya nzima ina pawatila chache tu, basi hakuna mwenye duka atakayefunga mtaji wake kwenye spea za mashine chache. Kikundi kina watu ishirini au zaidi, kila mmoja ana shamba lake linalosubiri mvua ileile, kwa hiyo siku ya kulima wote wanaitaka na siku ya kuchanga hela ya mkanda wote wako safarini. Zilizobahatika zikageuka usafiri wa maji na kuni. Maofisa walisikitika kwamba wakulima wamezitumia vibaya. Mimi naona waliozifunga tela ndio walioziokoa, kwa kuwa angalau waliitafutia mashine kazi inayoleta hela kila siku.

Na tusidhani ni ugonjwa wa serikali za Kiafrika. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na mradi wao wa karanga, baadaye wakaenda Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta ya mitumba, mengi yakiwa mabaki ya vita, hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta ya kung'olea visiki. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi. Kiangazi ukishikana, jembe linapinda. Karakana hazikuwa tayari, spea ziko ng'ambo ya bahari, madereva wamefundishwa haraka haraka, na maamuzi yanatoka London. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, zikiwa zimepotea karibu pauni milioni 36 za walipakodi wa Uingereza. Wale walikuwa na wahandisi, na fedha, na dola nzima nyuma yao. Elimu ya mkulima haikuwa na nafasi hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa serikali hawapendi kulisikia: aina za mashine. Mkulima akinunua pikipiki anaangalia kwanza jirani ana ipi, maana anajua spea atazikuta na fundi ameshaizoea. Sisi kama taifa tunanunua kwa kufuata mkopo. Mkopo ukitoka Finland tunapata Valmet, zilizokuwa zikiunganishwa Kibaha miaka ya 1980. Mkopo ukitoka India, matrekta ya Farmtrac na New Holland yaliyouzwa kupitia SUMA JKT, shirika la biashara la Jeshi la Kujenga Taifa. Mkopo ukitoka Poland, Ursus, mkataba wa 2015 kupitia Shirika la Taifa la Maendeleo, matrekta 2,400, nayo yaunganishwe Kibaha hapohapo. Idadi hiyo haikufikiwa. Walionunua wakalalamikia ubora na spea hadi hoja ikafika bungeni, na kampuni yenyewe huko Poland ikafilisika. Aliyechukua trekta kwa mkopo akabaki na deni la mashine ambayo mama yake mzazi amekufa.

Maji yana historia ileile, ndefu zaidi. Mwaka 1971 Tanzania ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi karibu na nyumba yake. Wafadhili wakagawana mikoa: Wafini Mtwara na Lindi, Waholanzi Shinyanga na Morogoro, Wadenmaki Iringa, Mbeya na Ruvuma, Waswidi Mwanza, Mara na Kagera, Wanorwe Rukwa na Kigoma. Kila mmoja akaja na wahandisi wake na vifaa alivyovizoea. Serikali ikabeba gharama za ujenzi na za uendeshaji, maji yakawa bure. Lilikuwa wazo la utu, na sitalicheka. Ila uchumi ulipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1970, hela ya dizeli na ya spea ndiyo iliyokatwa kwanza, kwa sababu pampu iliyozima kijijini haipigi kelele wizarani. Sera ya maji ya 1991 ikaanza kuwataka wananchi wachangie.

Matokeo yake yalihesabiwa. Wizara ya Maji ilipita nchi nzima ikaorodhesha vituo vya maji vijijini, na orodha ya vituo zaidi ya 59,000 ikawekwa wazi. Takriban asilimia 54 vilikuwa vinatoa maji vizuri, asilimia 7 vinahitaji matengenezo, na asilimia 38 vimekufa. (Orodha hiyo iligeuzwa shindano la vijana wa kompyuta duniani kote, wakitabiri kwa hesabu nzito kituo kipi kimekufa. Fundi wa wilaya angewaambia kwa bei ya soda.) Ndani ya takwimu hizo, vituo ambavyo watu hulipia kwa mwaka, robo tatu vilikuwa hai, vile visivyolipiwa kabisa havikufika nusu.

Wapo waliokimbilia kusema: basi watu walipe, kwisha kazi. Taratibu. Kituo kikifa watu huacha kulipa, hivyo sehemu ya tofauti hiyo ni matokeo ya ubovu, siyo chanzo chake. Halafu malipo yenyewe yana msimu. Mvua za masika zikianza, kila bati ni bomba na kila shimo ni kisima. Hakuna atakayetoa shilingi hamsini ya ndoo bombani wakati beseni limejaa chini ya paa. Mhasibu wa kamati anakaa miezi mitatu bila makusanyo. Kiangazi kinapofika pampu inatumika kutwa kucha, ndipo mpira wa ndani unapokatika, na mfuko uko mtupu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba upande wa ufundi, kazi kubwa ilishafanyika zamani. Pampu ya mkono ya Afridev ilitengenezwa miaka ya 1980 katika miradi ya Kenya na Malawi, ikiwemo ile ya Kwale, pwani ya kusini, kwa shabaha moja: mwanakijiji aweze kuifungua mwenyewe. Spana moja inatosha. Unafungua kifuniko cha kichwa, unatoa mpini, unavuta fimbo, unatoa pistoni, unabadilisha mpira wenye umbo la U, unarudisha. Wanawake waliofundishwa Kwale waliifungua na kuifunga bila shida. Na bado Afridev zimelala kote tulikozipeleka. Mpira huo ni kitu cha bei ndogo, lakini uko wapi? Mfadhili alileta boksi moja la spea pamoja na pampu. Boksi likaisha. Duka la pembejeo halina, kwa kuwa pampu moja inataka mpira mara moja moja tu na mwenye duka hawezi kula kwa biashara ya namna hiyo.

Hapa ndipo ule uchungu wa mzazi unahitaji kuangaliwa vizuri, kwa sababu kwenye maji wenye uchungu wapo. Pampu ikikauka, mama anaamka saa kumi usiku kwenda mtoni na binti yake anachelewa shule. Hasara yake ni kubwa kuliko ya mwenye mashine ya kusaga. Ila ufunguo wa kisanduku cha hela ameshika mtu mwingine, barua ya kwenda wilayani inasainiwa na mtu mwingine, na hao wengine maji ya kuoga wanayakuta kwenye ndoo kila asubuhi, pampu iwe nzima au mbovu. Kuwaingiza wanawake watatu kwenye kamati ili orodha ipendeze hakubadilishi lolote kama hawawezi kutoa elfu ishirini ya nauli ya fundi bila kuitisha mkutano.

Kenya wamejaribu njia nyingine ambayo naona inafaa kuigwa. Kitui, eneo la Kyuso, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kifaa kidogo ndani ya mpini wa pampu kinachohesabu mipigo na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua bila kuambiwa. Kabla ya hapo pampu ikiharibika ilikaa takriban mwezi kabla ya kutengenezwa. Baada ya hapo, chini ya siku tatu. Magazeti yalikipenda kifaa. Mimi nakipenda kidogo. Kilichofanya kazi zaidi ni mpango ulioizunguka, ambao baadaye ulizaa kampuni ya FundiFix, Kitui na Kwale. Jamii inalipa ada ndogo ya huduma badala ya kusubiri kulipa pampu ikiharibika, na fundi ambaye ana pampu nyingi chini yake anaishi kwa kuziweka hai. Mpira mmoja haulipi, lakini mamia ya pampu yanamlipa mtu kuweka mipira stoo na kuwa na pikipiki yenye mafuta. Hapo uchungu umehamishiwa kwa mtu mwenye uwezo wa kutibu.

Kwetu, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 iliunda RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii vikachukua nafasi ya kamati nyingi za vijiji. Kuunganisha vijiji kadhaa chini ya chombo kimoja chenye fundi na mhasibu wanaolipwa ni hatua sahihi, kwa sababu ileile ya wingi. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha hela haigeuki mfuko wa dharura wa kila jambo, kuanzia madawati hadi mapokezi ya mgeni rasmi.

Sasa tumeingia zama za sola, na kuna raha nyingi inayozungumzwa. Ni kweli paneli inakaa miaka ishirini na zaidi, haina mafuta ya kuibwa wala ya kupanda bei. Mkulima wa nyanya na vitunguu anayemwagilia kwa pampu ya petroli anajua uchungu wa kituo cha mafuta, na sola inamfaa. Lakini paneli siyo sehemu inayokufa. Kinachokufa ni betri, kidhibiti chaji na mota ya kisimani, na hivi vingi vimefungwa kwa namna ambayo fundi wa simu pale senta, aliyezoea kuchoma saketi kwa risasi na kupasua kila kitu, akivifungua anakutana na gundi na namba za siri. Mifumo inayouzwa kwa kulipia kidogo kidogo kwa simu ina kufuli la mbali: usipolipa, inazimwa kutoka ofisini. Mwaka 2019 kampuni ya Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, iliingia kwenye ufilisi, kisha ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Bahati njema alipatikana mnunuzi. Asipopatikana mnunuzi, mkulima aliyemaliza robo tatu ya deni lake anampigia nani?

Nisieleweke kwamba dawa ya kila kitu ni kumpa mtu binafsi. Mwenye mashine ya kusaga ni mfanyabiashara, akiona kijiji ni kidogo hafungui, na mjane asiye na hela ya kusagia anabaki na kinu chake. Maji hayawezi kuendeshwa kwa sheria hiyo peke yake. FundiFix yenyewe haijitoshelezi kwa ada za wananchi. Kuna mfuko wa udhamini unaoijazia. Huduma ya vijijini ina gharama ya kudumu, na sehemu ya gharama hiyo itatoka serikalini, kama inavyotoka kwenye barabara.

Tatizo ni mahali hela hiyo inapokaa kwenye vitabu. Mashine mpya inanunuliwa kwa fungu la maendeleo, lenye mfadhili, mwenge na jiwe la msingi. Mkanda wa mashine hiyo unaangukia matumizi mengineyo, OC, fungu linalofika nusu na mwishoni mwa robo, likigombewa na posho, mafuta ya gari na karatasi za ofisi. Mkurugenzi anayeomba pawatila kumi mpya atapata kusikilizwa kuliko anayeomba mikanda ya pawatila arobaini zilizolala. Mwaka 2022 maofisa ugani walipewa maelfu ya pikipiki, jambo jema mno baada ya miaka ya kutembea kwa miguu. Pikipiki ina fundi kila senta, hapo hatuna wasiwasi. Mafuta na tairi zake ziko OC.

Na sasa mazungumzo ni ya vituo vya kukodisha zana za kilimo, matrekta yawekwe mahali pamoja mkulima akodi kwa ekari. Wazo lina mantiki, kwa sababu linakusanya mashine nyingi za aina moja karibu na karakana moja. Sitauliza ni matrekta mangapi yamefika. Nitauliza meneja wa kituo ana ruhusa ya kununua filta ya dizeli leo, kwa hela iliyolipwa na mkulima jana, au hela hiyo inapanda kwanza akaunti ya makao makuu na kurudi wakati mvua imeshakatika. Nitauliza pia kama mshahara wake unapungua trekta likilala.